Mnyama wa Mwitu Nyumbani: Je, Mapenzi Yatosha Kuwa Hoja?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujulisha katika Kitabu chake kwamba wanyama na ndege nao ni mataifa kama tulivyo sisi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye huruma yake ilimfikia mwanadamu na asiyekuwa mwanadamu. Amma baad.

Imekuwa ada katika zama zetu hizi kwa watu wenye nafasi kutafuta mnyama ambaye jirani hana. Paka na kuku hawamtoshi tena mtu. Ataka kitu cha ajabu, kitakachomfanya mgeni asimame mlangoni akashangaa. Huko Uingereza na Marekani wako wanunuao walabi, mnyama wa Australia aliye mfano wa kangaruu mdogo, na wauzaji wengine humtoa mtoto wake mfukoni mwa mamake kabla ya wakati, wakamnyonyesha kwa chupa, ili akue akimjua mtu badala ya kumjua mamake. Katika nchi za Ghuba wako waliojifaharisha kwa duma aliyeketishwa katika motokaa. Na huku kwetu pwani hatuna haja ya kusafiri: kasuku yu tunduni, tumbili yu mnyororoni, kobe yu uani akizunguka ukuta mchana kutwa. Ukimwuliza mwenye mnyama wa namna hii kwa nini amemweka, aghlabu atakujibu neno moja: "Nampenda." Makusudio yetu leo ni kulitazama jibu hilo kwa insafu, tuone kama ni hoja au si hoja.

Kwanza yatupasa tusivuke mpaka. Hatuwezi kusema kwamba kumweka mnyama au ndege nyumbani ni haramu kwa dhati yake. Imepokewa katika Hadithi iliyo sahihi kwamba mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kindege akicheza nacho. Kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimwendea akamliwaza kwa kumwuliza habari za kindege chake. Hakumkemea, wala hakuwakemea wazee wake. Kwa Hadithi hiyo wanazuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi na Ibn Hajar, wametoa hukumu kwamba yafaa mtoto kucheza na ndege asipomtesa. Basi anayeharimisha kila tundu amesema asichokuwa na dalili nacho.

Lakini mlango huo uliofunguliwa una bawabu wake. Sote twaijua khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Watu wengi huikumbuka njaa ya yule paka, wakasahau sehemu ya pili: mwanamke hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Dhambi yake ilianza alipofunga mlango. Paka aliye huru riziki yake iko kwa Mola wake, naye huiendea kwa miguu yake. Ukimfungia umesimama baina yake na riziki hiyo, na kila alichokuwa akikipata nje sasa ni deni juu yako. Kwa hiyo ruhusa ya kuweka mnyama imefungamana na haki. Asiyeweza kuilipa haki hana ruhusa.

Na haki hiyo ni nini? Sheikh Izzuddin bin Abdisalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na mwaka 1262 wa Miladi, ameieleza katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam. Amesema kwamba mwenye mnyama yampasa amlishe na kumtunza hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotarajiwa kupona, wakati hapana tena nafuu yoyote itokayo kwake. Asimtwike asichokiweza. Asimkusanye na kitakachomdhuru, kiwe ni cha jinsi yake au cha jinsi nyingine. Apawe mahali pazuri pa kulala na kunywa. Na wakati wa kupandana ukifika, dume na jike waachwe wakutane. Haya, ndugu msomaji, yaliandikwa takriban miaka mia nane iliyopita, kabla ya kuzaliwa chama chochote cha Ulaya cha kutetea wanyama. Sasa tuchukue mizani hii tukawapime nayo wanyama wa mwitu waliowekwa nyumbani.

Hatuna haja ya mifano ya kubuni, kwani nchi yetu ya Kenya ina mfano mashuhuri kuliko yote, nao uko Meru. Mashariki ya vilima vya Nyambene, ardhi ikiteremka kuelekea mto Tana, iko hifadhi ya wanyama ya Meru. Mwaka 1964 ilikuwako Nairobi familia ya ofisa mmoja wa jeshi la Kiingereza iliyokuwa na mtoto wa duma, jike, ambaye tangu uchanga wake alilelewa na watu. Wakati wa kurejea kwao ulipofika, hawakuweza kwenda naye. Wakampa Bibi Joy Adamson, aliyejulikana duniani kwa kitabu chake juu ya simba Elsa. Duma huyo akaitwa Pippa. Bibi Adamson akampeleka Meru, akapiga hema huko, akawa akimlisha huku akimngoja ajifunze kuwinda. Pippa alijifunza. Alizaa mara nne porini, akafa mwezi wa Oktoba 1969, akazikwa katika hifadhi ileile.

Watu huisimulia khabari hii kama ushindi wa mapenzi, nasi hatukanushi kwamba imeishia kheri. Lakini na tuitazame kwa upande wa hesabu. Familia ile haikumpiga Pippa wala haikumshindisha na njaa, yaonyesha walimpenda. Pamoja na hayo, mapenzi yao yalikuwa na tarehe ya mwisho, nayo ni siku ya safari. Siku hiyo deni likahamishwa likawekwa juu ya bega la mtu mwingine. Na kulilipa kulihitaji mtu mzima aache shughuli zake, aishi kambini karibu miaka mitano, kwa ajili ya duma mmoja. Mtoto wa duma hukaa na mamake muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, akifundishwa kuwinda na kujihadhari. Yule mama hufanya kazi hiyo bila ya mshahara wala hema. Aliyemwondoa mtoto kwake aliharibu kwa siku moja kitu kilichogharimu miaka kutengenezwa. Na ni wangapi katika wanunuzi wa wanyama walio na Bibi Adamson wa kuwapokelea deni lao? Wengi mno hawana, na mnyama huishia mnyororoni.

Tena deni hilo halikai baina ya mtu na mnyama wake tu. Jirani naye ana sehemu, na mara nyingi ndiye alipaye asichokikopa. Elsa alipokufa kwa maradhi ya kupe mwezi wa Januari 1961, aliacha watoto watatu ambao hawajakamilika kujua kuwinda. Wakaingilia mifugo ya watu wa kando ya Tana. Mfugaji aliyepotewa na mbuzi hakuwa ameandika kitabu, wala hakupata senti katika kitabu kilichouzwa duniani kote; yeye alichopata ni zizi tupu. Mmoja wa simba wale alipigwa mshale, na mwisho wote watatu ilibidi wakamatwe wakahamishwe mpaka Serengeti.

Na khabari ya simba aliyeitwa Boy ni nzito zaidi. Huyu alikuwa mnyama wa fahari ya kikosi cha askari wa Kiingereza waliokuwa Kenya. Walipoondoka, akatumiwa katika filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, kisha akakabidhiwa Bwana George Adamson, mumewe Bibi Joy, akapelekwa Meru apate kuishi kama simba. Mwaka 1969 akamjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa hifadhi. Akahamishiwa Kora, ng'ambo ya pili ya Tana, na huko mwaka 1971 akamwua mtumishi wa kambi, jina lake Stanley. Bwana Adamson akampiga risasi simba huyo saa ileile. Hapana wa kumlaumu simba, kwani yeye alifanya kazi ya simba. Lakini simba aliyelelewa na mtu hamwogopi mtu, na hofu hiyo aliyonyang'anywa utotoni ilikuwa ni ngao yake na yetu. Walimwengu waliomlilia Elsa ni wengi. Waliopata kulisikia jina la Stanley ni wachache. Basi anayesema "nampenda" aulizwe vilevile: ni nani atakayelipa mapenzi yako yakiharibika?

Huenda mtu akasema: "Wazee wetu wa Kiislamu waliweka duma na mwewe wa kuwindia, na Suratul Maida yaruhusu tukile kilichowindwa na mnyama aliyefunzwa." Twamjibu kwamba ni kweli, wala hatuikatai ruhusa ya Mwenyezi Mungu. Lakini na aisome tarikhi mpaka mwisho. Sultani Akbar wa India, aliyetawala tangu mwaka 1556 hata 1605, yasemekana alikusanya duma wapatao elfu moja. Waliangaliwa na watumishi mahsusi na kulishwa nyama kwa mizani. Pamoja na fahari yote hiyo hawakuzaa. Mwanawe, Jahangir, ameandika kwa mshangao khabari ya duma mmoja tu aliyezaa kifungoni. Hii maana yake ni kwamba kila duma aliyekufa katika jumba la Sultani, mahali pake palijazwa na duma mwingine aliyenaswa porini. Desturi ikaendelea kwa wafalme waliofuata. Mapori yakapungua, bunduki zikaongezeka, na mwaka 1952 Serikali ya India ikatangaza kwamba duma wamekwisha katika nchi hiyo.

Hapa ndipo tuwezapo kuiona tofauti baina ya mnyama wa kufugwa na mnyama wa mwitu, nayo ndiyo nguzo ya maneno yetu. Mbuzi, paka, njiwa na punda huongezeka kwa kufugwa. Kadiri watu wanavyowapenda ndivyo wanavyokuwa wengi. Duma hupungua kwa kufugwa. Kadiri watu wanavyompenda ndivyo anavyotoweka. Leo duma waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa elfu saba hivi. Mapenzi yanayommaliza yule anayependwa yatafutiwe jina jingine. Wazee wetu wa pwani wamesema, ukipenda boga penda na ua lake. Ua la duma ni uwanda mpana, na mbio, na mwenziwe, na watoto wake. Mwenye kulipenda boga akaling'oa na mmea wake hakulipenda; alilitamani.

Sasa tufikie swali lililo gumu zaidi, ambalo huwasumbua watu wema kuliko wabaya. Mtu amepita njiani, akamwona mwana-paa amefungwa miguu, jua kali, ulimi nje, na muuzaji ataka fedha. Moyo wake wamwuma. Akasema: "Nitamnunua, si kwa kucheza naye, bali nimwokoe." Je, amefanya thawabu au amefanya kosa?

Vijana wawili wa Australia waliwahi kufanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1969, katika duka la Harrods mjini London, waliona mtoto wa simba akiuzwa katika kizimba kidogo, wakamhurumia, wakamnunua kwa gini 250. Wakamwita Christian, wakamlea katika duka la samani. Alipokaribia kuwashinda, akatokea dukani mcheza filamu aliyeigiza maisha ya Bwana Adamson, na kwa sababu hiyo simba yule akaletwa Kora mwaka 1970 akawa huru. Kisa hiki huwaliza watu hata leo. Lakini uhuru wa Christian ulitegemea mtu aliyeingia dukani kwa bahati, na hukumu haijengwi juu ya bahati.

Ukweli ni kwamba muuzaji hamwulizi mnunuzi nia yake. Anayenunua kwa fahari na anayenunua kwa huruma, fedha zao zaingia mfuko mmoja, na kutoka mfuko huo zaenda kununua mtego mwingine. Mtazame mtoto wa duma anayechukuliwa katika nchi za Pembe ya Afrika, akavushwa kwa mashua kutoka pwani ya Somaliland kwenda Yemen na nchi za Ghuba. Biashara ya duma wa mwituni imepigwa marufuku kwa mkataba wa mataifa tangu mwaka 1975, na Muungano wa Falme za Kiarabu, kwa sheria ya mwaka 2016, umewakataza watu kuweka wanyama wakali majumbani. Lakini watoto wa duma wangali wakinaswa, na wengi hufa njiani kabla ya kumwona mnunuzi. Muuzaji mjanja ajua kuitumia huruma ya watu; atamwonyesha yule aliye dhaifu kuliko wote, kwani huyo ndiye atakayewafungua mikono. Aliyemkomboa mmoja amewaagizia wawili wafungwe. Na kanuni ya wanazuoni wetu yajulikana, kwamba dhara haiondoshwi kwa dhara iliyo mfano wake.

Hatusemi kwamba jawabu hili ni jepesi. Mwana-paa aliye mbele yako huenda akafa kabla ya msaada kufika, na macho yake utayakumbuka. Lakini huruma haikomei kwa yule unayemwona. Wako na wale ambao hujawaona, walio bado na mama zao. Tena wala hatusemi upite uende zako. Iko kazi ya kufanya, nayo ni nzito kuliko kutoa fedha: kumkataza muuzaji, kumpasha khabari mkubwa wa mahali, kuwaita maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), kusimama kutoa ushahidi. Fedha hutolewa mara moja na mtu akajiona mwema. Ushahidi waweza kumkosanisha na jirani yake. Ndiyo maana wengi huchagua kununua.

Asidhani msomaji kwamba maneno haya ni ya simba na duma peke yao. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Kibelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kukutwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao elfu tano ndani ya vichupa, kwa kuwa huko ng'ambo wako watu wawekao wadudu hao katika vioo kwa kujifurahisha. Wako waliocheka kusikia kesi ya sisimizi. Sisi tulio na Sura nzima iitwayo kwa jina la sisimizi tusicheke. Kila malkia mmoja ni kaya nzima isiyozaliwa tena katika ardhi ile.

Na kasuku wa kijivu, aliyezoeleka sana mijini kwetu, asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika ya Magharibi. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuizuia biashara ya kasuku hao wanaonaswa misituni. Ndege huyu huweza kuishi miaka arubaini na zaidi. Mzee wa miaka sitini anunuapo kasuku mchanga, amnunulia nani? Atamwacha katika mirathi, na warithi wake wako waliompenda mzee wala hawakumpenda ndege. Haki ile ya kumtunza mnyama mpaka uzee wake, aliyoitaja Sheikh Izzuddin, mzee huyu ataitimiza kwa mkono wa nani?

Basi afanyeje aliye na mnyama wa mwitu nyumbani leo? Kwanza asimtupe kichakani akidhani amemwacha huru. Aliyezoea kulishwa na mkono atakufa kwa njaa au kwa mbwa, na hilo ni kosa la pili. Na ajue kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yamkataza mtu kumweka mnyama wa mwitu bila ya idhini. Awaendee wenye kazi hiyo, awaeleze, na mpaka hapo amlishe na kumtunza kama deni. Aliye bado hajanunua mambo yake ni mepesi: asinunue. Na akiona nafsi yake yamvuta, ajiulize kabla ya kutoa fedha: mnyama huyu alitoka kwa mama gani, ataishi miaka mingapi, na siku nitakapoondoka, au nitakapoondolewa, ataachiwa nani?

Imepokewa kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakaona ndege mdogo na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mamake akaja akawa akipigapiga mbawa juu yao. Mtume alipomwona akauliza ni nani aliyemtia msiba ndege yule kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Hatukusimuliwa kwamba Masahaba wale walikuwa na nia mbaya. Huenda walipendezwa tu na makinda. Hakuwauliza kama wanayapenda. Alitazama msiba wa mama, akaamrisha haki yake irejee.

Wabillahi ttawfiq.